Alijua hakimu ni nani, ila hakujua kesi ni yake

Kuna kaka mmoja alinifundisha hii kazi kuliko vitabu vyote nilivyosoma na leo nataka nimwandike, ila nimebadilisha vitu vingi kumhusu ili asitambulike, kwa hiyo usihangaike kutafuta ni nani.

Mimi ni mwanasaikolojia. Sehemu ya kazi yangu ni kukaa na watu walioshtakiwa ambao wana ugonjwa wa akili, au mtu fulani mahakamani kawatilia shaka, halafu naiandikia mahakama ripoti kuhusu swali moja tu: je, huyu mtu kwa hali aliyo nayo sasa hivi anaweza kusimama kizimbani na kesi ikaendelea kwa haki? Basi. Watu wakisikia hivyo wanasema aah kwa hiyo wewe ndo unaamua nani chizi nani mzima, hapana jamani, hilo swali sijawahi kuulizwa na hakimu hata mmoja na neno lenyewe silipendi. Na anayeamua mwisho wa siku ni hakimu, mimi napeleka nilichokiona na nilivyokielewa.

Sasa huyo kaka. Aliletwa msafi, kanyoa, anaongea taratibu, kila sentensi ananiita dokta hata nilipomwambia mimi siyo daktari. Nilikuwa bado mgeni kwenye hii kazi. Nikaanza maswali ya kawaida, hakimu kazi yake nini, wakili kazi yake nini, mwendesha mashtaka yuko upande gani, ukikiri kosa kinafuata nini, leo tarehe ngapi na tuko wapi. Alijibu vyote, tena vizuri, vizuri kuliko watu wengi wazima ambao hawajawahi kukanyaga mahakamani. Nikaanza kujaza ile sehemu ya mwisho ya fomu. Dada mmoja mkubwa wangu kazini alikuwa kakaa pembeni kimya muda wote, akasema tu, muulize kuhusu kesi yake mwenyewe.

Nikamuuliza, wewe na wakili wako mnaelewana? Akatabasamu, akasema wakili ni mtu mzuri sana ila hakuna haja ya kumsumbua kwa sababu kesi imeshaisha. Imeisha lini? Juzi usiku, ilitangazwa kwenye redio, jaji wa majaji wote ameshamsamehe, hawa wa hapa wanamalizia makaratasi tu. Nikamuuliza sasa ukipelekwa mahakamani utafanya nini, akasema nitanyamaza dokta, wakimaliza makaratasi yao nitatoka niende nyumbani.

Nilipata baridi. Yaani dakika mbili kabla nilikuwa naandika kwamba yuko sawa, na angepelekwa kweli, na angesimama pale ananyamaza na tabasamu lake wakati mashahidi wanapita mmoja mmoja, na kila mtu angesema mbona ametulia, mbona ana adabu.

Hapa ndo pana jambo ambalo naliwaza sana. Kujua mahakama inafanyaje kazi ni kitu kimoja, na kujua kwamba hiyo mahakama inakuhusu wewe, kwamba yule hakimu anaweza kukufunga wewe, kwamba ukinyamaza ni wewe unayeumia, hicho ni kitu kingine kabisa, na ugonjwa kama skizofrenia, ule wa kusikia sauti zisizokuwepo au kuamini mambo yasiyo ya kweli, unaweza kuacha cha kwanza kizima kabisa ukabomoa cha pili. Mtu anakuwa kama anaangalia kesi ya jirani.

Hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1960 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Milton Dusky, mtu mwenye skizofrenia aliyeshtakiwa kwa utekaji, na uamuzi wenyewe ni mfupi sana, haujai hata ukurasa, ila mahakama za huko hadi leo zinatumia lugha yake. Walisema haitoshi mshitakiwa ajue tarehe na mahali alipo na akumbuke matukio kidogo. Kinachotakiwa ni awe na uwezo wa sasa wa kushauriana na wakili wake kwa uelewa wenye mantiki, na aielewe kesi yake kiukweli na kimantiki pia. Hayo maneno mawili, kiukweli, yaani kujua mambo yenyewe yalivyo, na kimantiki, yaani kuyapima na kuona yanakuhusu vipi, ndo kazi yangu yote ilipo. Yule kaka cha kwanza alikuwa nacho. Cha pili hakuwa nacho.

Uingereza walianza mapema zaidi, kesi ya Pritchard ya 1836, mshitakiwa alikuwa kiziwi asiyeongea na jaji akalazimika kuliambia jopo la raia wanaoamua kesi (jury) liangalie kama ana akili ya kutosha kufuata mwenendo wa kesi na kujitetea. Yaani hata kipimo chao chenyewe kilitokana na mtu ambaye tatizo lake halikuwa ukichaa.

Na tafadhali usichanganye na lile jambo lingine la mtu kutokuwa na akili timamu wakati anatenda kosa. Hilo ndo la Daniel M'Naghten, 1843, alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa waziri mkuu, akidhani anampiga waziri mkuu Robert Peel mwenyewe kwa sababu aliamini chama cha Peel kinamwandama. Hapo mahakama inaangalia nyuma, siku ile ya tukio kichwa chake kilikuwaje. Mimi naangalia leo. Mtu anaweza kuwa alikuwa mgonjwa sana siku ya tukio na leo yuko vizuri kabisa anaweza kesi yake, au alikuwa mzima kabisa siku ile na ugonjwa ukamkuta rumande. Nimeona ripoti ambazo aliyeandika kachanganya hivi viwili, ukurasa mzima anaelezea siku ya tukio alafu mwisho anasema kwa hiyo hawezi kushtakiwa, na hakimu anabaki na karatasi isiyojibu alichouliza.

Kosa lingine ni kudhani jina la ugonjwa ni jibu. Nilishapima mama mmoja ambaye amesikia sauti kwa miaka mingi, zinamtukana, dawa zimezipunguza ila hazijaondoka, na huyo mama alikuwa anaielewa kesi yake kuliko hata wakili wake. Aliniambia sauti zinasema usimwamini huyu wakili ila mimi najua hizo ni sauti, kwa hiyo namwambia kila kitu. Yuko sawa kusimama kizimbani? Ndiyo, bila wasiwasi. Ugonjwa upo, lakini haujakaa juu ya kesi. Ninachotafuta siku zote ni kamba inayounganisha dalili na uwezo, nioneshe hii dalili inazuia nini hasa, kumsikiliza shahidi, kumwamini wakili, kukumbuka alichosema dakika kumi zilizopita, kuamua akiri au akane. Bila hiyo kamba ripoti ni jina la ugonjwa tu limepigwa muhuri.

Na kuna watu ambao nawaogopea kuliko wote, wenye sonona kali, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Hawa hawasumbui mtu. Anajua kila kitu, hasikii sauti, hana hadithi ya redio, anajibu kwa kifupi na kila kitu ni sahihi, alafu unamuuliza utakiri au utakana anasema nitakiri. Kwa nini? Kwa sababu nastahili. Unachimba zaidi unakuta hata kosa lenyewe hana uhakika kama alilifanya hivyo inavyosemwa, ila anaamini yeye ni mtu mbaya anayepaswa kuadhibiwa, na akiletewa wakili anamwambia usijisumbue. Anaelewa sheria vizuri, ila ule uzito anaoutumia kupima mambo umeshapotoshwa na ugonjwa, anapanga kesi yake kuelekea adhabu makusudi. Fomu ya maswali ya ndiyo na hapana haitamshika huyu hata siku moja.

Lazima niseme kuhusu kujifanya maana ndo kitu cha kwanza watu wanaleta, wote hao si wanaigiza tu wakwepe jela. Wapo wanaoigiza, ndiyo. Vincent Gigante, bosi wa mafia wa New York, alizunguka mitaani kwa miaka mingi amevaa joho la kuogea anaongea peke yake, na madaktari kadhaa wakasema mahakamani ni mgonjwa, mpaka 2003 akakubali mwenyewe kwamba alikuwa anaidanganya mahakama. Kwa hiyo tunapima hilo, kuna vipimo vyake na kuna kuangalia kwa macho pia. Anayeigiza mara nyingi anakuletea vitu vikubwa vikubwa, sauti zisizonyamaza hata sekunde, wanyama ukutani, wakati sauti za kweli kwa wengi huja na kuondoka na mtu mwenyewe ana namna zake za kuzituliza. Anayeigiza pia anakuambia mapema, hujauliza ameshasema. Kile ambacho ni vigumu sana kuigiza ni mawazo yaliyokatika katika, uso usiobadilika, ile mtu anaanza sentensi kuhusu wakili anaimalizia kwenye kitu hakina uhusiano kabisa na hajui kama amepotea. Jaribu kuigiza hilo masaa mawili.

Na kusahau pekee hakutoshi. Günther Podola aliyemuua polisi London alisema hakumbuki chochote, na mwaka 1959 mahakama ya rufaa ikasema hata kama kusahau kungekuwa kwa kweli, mtu anayeielewa kesi yake leo anaweza kushtakiwa. Akanyongwa mwaka huo huo. Mimi hapo kwenye sheria naelewa hoja yao, ila moyoni bado inanikaa vibaya, maana mtu asiyekumbuka siku nzima atamsaidiaje wakili kuhusu hiyo siku?

Ila tatizo kubwa kwa uzoefu wangu siyo wanaoigiza ugonjwa, ni wanaouficha. Mtu ana skizofrenia miaka kumi, anajua akisema ukweli ataitwa chizi mbele ya familia yake, au haamini kabisa kwamba anaumwa, kwa hiyo anajikaza, anajibu vizuri, anakataa kila kitu. Colin Ferguson aliua watu 6 kwenye treni New York mwaka 1993, mawakili wake waliona kabisa kwamba ni mgonjwa, yeye akakataa, akaonekana anaweza kesi, akawafukuza akajitetea mwenyewe mwaka 1995. Akaiambia mahakama kwamba ameshtakiwa makosa 93 kwa sababu ilikuwa mwaka 93. Akawahoji watu aliowapiga risasi yeye mwenyewe, wakiwa wamekaa kizimbani cha mashahidi. Sisemi alitakiwa aachiwe. Nasema ile haikuwa kesi, na hata wale waliopoteza watu wao walistahili kesi ya kweli, siyo kulazimika kujibu maswali ya mtu yule. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya huko huko ilikuja kusema kwamba mtu anaweza kuwa na uwezo wa kushtakiwa akiwa na wakili lakini asiwe na uwezo wa kujitetea mwenyewe, na serikali inaruhusiwa kumlazimisha awe na wakili. Walichelewa ila walisema.

Sasa niseme kinachoniuma. Upimaji unaofanyika kwa dakika ishirini. Nimeuona, nimewahi hata kuombwa niufanye. Mtu analetwa na pingu, askari kasimama mita moja anasikiliza kila neno, hakuna faili la hospitali, hakuna ndugu aliyeulizwa, mtu mwenyewe kapigwa sindano usiku wa jana ili asisumbue na sasa kope haziinuki, alafu unatakiwa uandike. Na ripoti inatoka ina mistari miwili, nimempima leo, ana akili timamu. Timamu kwa lipi? Aliulizwa nini? Mara ngapi? Hali ya mgonjwa inapanda na kushuka, nimempima mtu asubuhi akawa sawa nikarudi siku ya tatu nikamkuta hajalala hata kidogo na hajui nimekuja kufanya nini. Mimi siku hizi nikiambiwa niandike kwa kukutana naye mara moja naandika hivyo hivyo kwenye ripoti, nilimwona mara moja, dakika kadhaa, askari akiwepo, bila kumbukumbu za matibabu, ili hakimu ajue ameshika nini mkononi. Kuna wakubwa hawakufurahi na hilo. Sawa.

Kitu kingine, kabla sijauliza swali lolote namwambia mtu, haya tunayoongea siyo siri, nitayaandika na hakimu atayasoma, kwa hiyo usinielezee tukio lenyewe kama wakili wako hajakuruhusu. Alafu namwambia anirudishie kwa maneno yake, na hapo tayari upimaji umeanza. Wengine wananiona naringa. Lakini mwaka 1981 kuna kesi ya Texas ilifika juu, Estelle dhidi ya Smith, daktari wa akili alitumwa na jaji ampime mshitakiwa kama anaweza kesi, akaongea naye kama dakika 90 gerezani, na baadaye daktari yule yule akapanda kizimbani wakati wa kuamua adhabu akasema mtu huyu ni hatari na hatabadilika. Akahukumiwa kifo. Mahakama ya Juu ikakubali ile hukumu ya kifo ifutwe, maana mtu alikuwa hajaambiwa kwamba maneno yake yanaweza kutumika kumpa adhabu ya kifo. Mgonjwa anakuona una sauti ya upole na karatasi, anadhani umekuja kumtibu. Ukimwacha adhani hivyo umemwibia.

Na mtu akionekana hawezi, ndo tumemsaidia? Siyo lazima. Theon Jackson wa Indiana alikuwa kiziwi, haongei, hasomi wala haandiki, uelewa wake ni wa mtoto mdogo, alishtakiwa mwaka 1968 kwa wizi mara mbili ambao jumla yake ni dola 9. Wakasema hawezi kesi, akafungiwa mpaka atakapokuwa na akili timamu, na madaktari walishasema matumaini ya kufika huko ni madogo sana. Yaani kifungo kisicho na mwisho bila hukumu kwa dola 9. Mwaka 1972 ikaamuliwa kwamba huwezi kumweka mtu hivyo zaidi ya muda unaohitajika kujua kama kuna matumaini ya kweli ya uwezo wake kupatikana. Lakini bado yanatokea, Marlon Noble wa Australia, mwenye ulemavu wa akili, alikaa gerezani zaidi ya miaka 10 bila kesi kusikilizwa, na kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za watu wenye ulemavu ikasema mwaka 2016 kwamba haki zake zilivunjwa. Ndo maana kuna mawakili wanaoona dalili kabisa kwa mteja na wananyamaza, wanaona bora afungwe mwaka mmoja unaohesabika kuliko kupotelea wodini. Sikubaliani nao, ila siwezi kusema hawajui wanachokiogopa.

Wengi lakini wanarudi, hasa tatizo likiwa ni saikosisi, yaani mtu kupoteza mguso na uhalisia, na dawa zikakubali, miezi kadhaa inatosha. Kwa mwenye demenshia, ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na uelewa, au ulemavu wa akili ni vigumu zaidi. Kuna vituo wanafanya hadi madarasa, wanawafundisha kesi inaendaje, hakimu anakaa wapi, na hapo ndo naomba wenzangu wawe makini, maana unaweza kumkaririsha mtu majibu yote akarudi anajibu kama kasuku, na tumeshaona kwamba majibu ya hakimu ni nani hayakuwahi kuwa tatizo.

Yule kaka alipelekwa matibabu. Mwanzoni alikataa dawa, na kumlazimisha mtu dawa ili tu ashtakiwe ni jambo zito ambalo mahakama lazima iliangalie peke yake, haikufika huko kwa sababu mama yake alikuja. Sikuwepo walipoongea. Ninachojua mama alitoka akaniuliza, mwanangu atapona kwanza au atafungwa kwanza, nikamwambia mama tunataka apate nafuu kwanza ili chochote kitakachofuata kimkute akiwa yeye. Akaanza dawa siku ya pili.

Nilimpima tena baada ya miezi minne, mara tatu kwa siku tofauti. Alikuwa kanenepa kidogo, mikono inatetemeka, hakutabasamu sana kama mwanzo. Nilimwambia yale yale kwamba siyo siri, akanirudishia vizuri. Nikamuuliza kuhusu redio. Akakaa kimya alafu akasema, nilikuwa naisikia kweli dokta, sasa hivi naona ilikuwa ugonjwa, ila saa zingine usiku natamani ingekuwa kweli. Nikauliza wakili je. Akasema tumekutana mara mbili, anaongea haraka ila anasikiliza.

Sikumuuliza tena hakimu ni nani. Nilikuwa nakusanya karatasi zangu akaniambia subiri dokta, kuna shahidi mmoja kwenye yale maelezo anasema aliniona saa tatu usiku, na mimi saa tatu usiku nilikuwa kwa…

Nikainua mkono nikamkatisha. Nikamwambia kaka, hilo usinimalizie mimi, kamwambie wakili wako, kesho asubuhi na mapema.